SWR ni 1.1 lakini maikrofoni inaunguza mdomo

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Naishi Igogo, Mwanza, mlimani, na redio yangu ni ya wati 100. Antena ni ya nyaya mbili, mita 20 kila mkono, inalishwa katikati kwa waya ngazi (nyaya mbili sambamba zilizotenganishwa kama ngazi) wa om 450 wenye urefu wa mita 19. Waya huo unaingia dirishani hadi kwenye tyuna (kifaa cha kuoanisha redio na antena) ya aina ya T yenye baluni ya 4:1 ndani yake. Mkono mmoja unapita juu ya paa la bati kuelekea mti ulio karibu na nguzo ya umeme, wa pili uko juu ya mawe upande wa ziwa. SWR (kipimo cha jinsi antena inavyooana na redio, 1 ndiyo bora) naishusha hadi 1.1 kwenye bendi za mita 80 na mita 40, lakini nikirusha mita 40 maikrofoni inaniunguza mdomo, taa ya LED inapepesa, na subufa ya jirani inaongea kwa sauti yangu. Nimechimbia fimbo ya ethi, hali ni ile ile. Nimeshauriwa ninunue tyuna ya balansi. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Usinunue, walau si sasa. Tyuna uliyonayo inafaa. Kinachokusumbua ni vitu viwili vilivyokutana: baluni isiyofaa kwa kazi hiyo, na urefu wa waya ngazi ambao kwa bahati mbaya ni mbaya kuliko karibu urefu wowote ambao ungeweza kuuchagua. Mita 19! Tutafika huko.

SWR ya 1.1 inasema jambo moja tu, kwamba redio ikichungulia kwenye tyuna inaona om 50. Haisemi mkondo umegawanyikaje kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ungeweza kuunganisha waya mmoja tu wa ngazi, wa pili ukauacha unaning'inia, na tyuna bado ingekupa 1.1. Kwa hiyo acha kuitazama hiyo sindano. Kwa tatizo hili haina habari.

Waya ngazi hautoi mawimbi kwa sababu mikondo yake miwili ni sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo, basi kila mmoja unafuta kazi ya mwenzake. Ikitokea upande mmoja una mkondo zaidi, ile ziada haina mwenza wa kuifuta. Tuiite mkondo wa pamoja, kwa kuwa inatembea upande mmoja kwenye nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Na kwa vile lazima irudi ilikotoka, inarudi kupitia bodi ya tyuna (kasha lake la chuma), ganda la koaksi (kebo ya duara inayotoka kwenye redio), redio yenyewe, waya wa maikrofoni, pawa saplai, na mwisho nyaya za umeme zilizo ukutani mwako na kwa jirani. Mdomo wako ni kituo kimojawapo njiani. Njia hiyo hiyo inafanya kazi kinyumenyume wakati wa kupokea: kelele za chaja za simu na taa za LED za mtaa mzima zinapanda kwenye antena kwa mlango ule ule. Ukilisawazisha hili, usishangae redio ikitulia hata kabla hujabonyeza kitufe cha kurusha.

Sasa baluni. (Wasomaji wageni: hapa si puto la sherehe, ni kifaa kinachounganisha kebo yenye upande wa ethi na waya wenye pande mbili zilizo sawa.) Ziko za tabia mbili, na watu wengi wanaziita jina moja bila kutofautisha. Ya kwanza inalazimisha volteji ziwe sawa kwenye pande zote mbili ukilinganisha na bodi, C. L. Ruthroff aliichambua mwaka 1959, na ndiyo inayowekwa ndani ya tyuna nyingi za dukani kwa sababu ni ringi moja tu na ni rahisi kusuka. Ya pili inalazimisha mikondo iwe sawa; hiyo ni ya Gustav Guanella, 1944, na kwa uwiano wa 1:1 ni choki tu: nyaya mbili zilizolala pamoja, zimesukwa kwenye ringi ya feraiti, kauri nyeusi ya oksidi ya chuma. Mkondo wa kwenda na kurudi unapita kama vile ringi haipo, na mkondo wa pamoja unagonga ukuta.

Volteji sawa huzaa mikondo sawa pale tu ambapo pande mbili za antena zinaiona dunia kwa namna moja. Za kwako haziioni hivyo. Mkono ulio juu ya bati umekaa kama bamba moja la kapasita, bati likiwa bamba la pili, kwa hiyo njia yake ya kwenda ardhini ni nyepesi kuliko ya mwenzake aliye juu ya jiwe kavu. Baluni ya volteji ikiipa mikono yote volteji ile ile, mkono wa bati unakunywa mkondo zaidi. Baluni imefanya kazi yake sawasawa kabisa. Ni wewe uliyeipa kazi ambayo si yake.

Hivyo hatua ya kwanza haina gharama: acha kutumia vituo viwili vya baluni ya ndani. Tyuna yako ya T ina kituo cha waya mmoja, au soketi ya koaksi upande wa antena. Tumia hicho pamoja na kituo cha ethi cha tyuna, na baina yake na waya ngazi weka choki ya 1:1 ya nje. Nitaeleza namna ya kuisuka. Lakini choki nzuri ukiiweka mahali penye volteji kubwa mno itashindwa, na hapa ndipo zile mita 19 zinapoingia.

Chukua choki yenye ukinzani wa om 2,000 kwa mkondo wa pamoja. Ni choki ya kuridhisha. Upande mmoja wa kutokea umefungwa kwenye bodi ya tyuna, na antena iliyosawazika inataka katikati yake pakae kwenye volteji ya ardhi. Katika hali hiyo, choki inabeba nusu ya volteji yote iliyo kwenye waya ngazi. Volteji hiyo ni kipeuo cha pili cha wati mara om. Tujaribu na wati 100:

Kama waya ngazi unaleta om 50 kwenye tyuna, volteji ni 71, choki inabeba 35, na mkondo unaovuja kupitia choki ni miliampea 18. Mkondo wa kazi ni ampea 1.4. Uvujaji ni kama asilimia moja na robo. Hakuna maikrofoni itakayolalamika.

Kama unaleta om 1,000, volteji ni 316, choki inabeba 158, uvujaji ni miliampea 79 dhidi ya mkondo wa kazi wa miliampea 316. Hiyo ni robo. Choki inakula wati 12 na nusu, inapata joto la kuhisi kwa mkono.

Kama unaleta om 4,000, volteji ni 632, choki inabeba 316, uvujaji ni miliampea 158, na mkondo wa kazi ni miliampea 158 pia! Uvujaji umelingana na mkondo wenyewe. Kwa kila wati mbili zinazofika kwenye antena, moja inaliwa na choki, na ringi ya feraiti ikichemka hivyo inaweza kupasuka vipande viwili huku unaongea.

Choki ni ile ile katika mifano yote mitatu. Kilichobadilika ni impidansi (jumla ya om ambazo mkondo wa redio unakutana nazo) iliyofika mwisho wa waya ngazi, na hiyo inaamuliwa na urefu wa waya.

Kwenye megahezi 7.1 mawimbi yana urefu wa mita 42.2. Ndani ya waya ngazi wa madirisha (wenye plastiki iliyotobolewa kati ya nyaya) umeme unatembea kwa kama asilimia 91 ya mwendo wake wa hewani, kwa hiyo wimbi moja lina mita 38.4, nusu yake mita 19.2, robo mita 9.6. Antena yako ya mita 20 kila mkono, kwenye bendi ya mita 40, ina impidansi kubwa katikati, om 4,000 hivi. Waya wenye urefu wa nusu wimbi unarudisha kilekile ulichopewa juu. Mita 19 ni nusu wimbi. Basi tyuna yako inakaa mbele ya zile om 4,000.

Kwenye mita 80 antena hiyo hiyo ni nusu wimbi na katikati ina om 70 hivi, jambo zuri, ila sasa mita 19 zimekuwa robo wimbi, na robo wimbi hugeuza kitu: 450 mara 450 gawanya kwa 70, unapata kama om 2,900. Umepigwa pande zote mbili. Mtu akikaa atafute urefu wa kuharibu bendi zote mbili kwa mpigo mmoja angefika hapo hapo.

Dawa ni kuongeza robo wimbi la bendi ya mita 40, yaani waya wa mita 9.6, ufike mita 28.6. Kwenye mita 40 tyuna itaona karibu om 50. Kwenye mita 80 itaona om 137 pamoja na riaktansi (om zisizokula nguvu) ya kapasita ya om 430 hivi, kitu ambacho tyuna ya T inakimeza bila shida. Kwenye mita 80 hizo, uvujaji wa choki ile ile ya om 2,000 unashuka kutoka asilimia 70 na ushee ya mkondo wa kazi hadi kama 11. Si sifuri, ila ni nchi nyingine kabisa. Choki ya om 4,000 itaipunguza nusu tena.

Waya ngazi wa kununua huenda usiupate mjini, na hauna ulazima. Chukua waya wa kusukia umeme wa nyumba, wenye kiini kimoja, milimita 2.5 za mraba. Shaba yake ina kipenyo cha milimita 1.8. Ukiweka nyaya mbili sambamba kwa umbali wa sentimita 4 kutoka kiini hadi kiini unapata om 450 na ushee, yaani ule ule wako. Vitenganishi kata kwenye bomba la PVC la maji safi: vipande vya sentimita 6, tundu mbili, kimoja kila sentimita 30, na kila waya ufungwe kwa kamba za plastiki za kubania usiteleze. Kosa la robo mita kwenye urefu halina madhara. Kosa la kuukunja ule urefu wa ziada kuwa mviringo kama kamba ya ng'ombe lina madhara makubwa, kwa sababu mizunguko inaonana. Utundike kwa zigizaga chini ya upenu, mistari ikae umbali wa sentimita 30 au zaidi, na usisogee bati kwa chini ya sentimita 15.

Ushauri wa ziada kuhusu hicho kipande: kigawe kiwe viwili vya mita 4.8, viunganishwe kwa plagi za ndizi au skrubu za kipepeo. Ukihamia bendi ya mita 20, mita 28.6 zinageuka wimbi moja na nusu na zitakurudishia ile impidansi kubwa. Toa kipande kimoja, ubaki na mita 23.8, na hali inageuka kuwa nzuri. Sekunde thelathini za kazi dirishani.

Choki sasa. Ringi inayofaa ni FT240-31 au FT240-43: kipenyo cha nje milimita 61, tundu milimita 35.5, unene milimita 12.7. Namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia, ni aina ya mchanganyiko wa feraiti. Kwa mita 80 na 40, aina ya 31 ina nafuu kidogo. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kununua T200-2, ile nyekundu, kwa sababu ni kubwa, inapendeza, na inauzwa kama ringi ya baluni. Hiyo ni unga wa chuma, si feraiti. Mizunguko 12 juu yake inatoa maikrohenri 1.7, ambazo kwenye megahezi 3.6 ni om 39. Ukuta wa om 39 ni kizingiti cha mlango. Ringi nyeusi zinazong'olewa kwenye televisheni za zamani nazo ni bahati nasibu. Usiziamini kabla hujazipima.

Suka hivi. Kata nyaya mbili za milimita 1.5 za mraba, mita 1.1 kila moja, rangi mbili tofauti. Ukipata zenye ganda la tefloni ni bora zaidi, kwani plastiki ya kawaida inalainika ringi ikichemka. Zilaze sambamba zigusane mwanzo hadi mwisho, uzibane na tepu kila sentimita 10, uziache zisisokotane. Pitisha jozi tunduni mara 12. Kuhesabu: kila waya unapokatiza ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ambao unaonekana umepita moja kwa moja tu. Tandaza mizunguko izunguke ringi, lakini acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya mwanzo na mwisho. Mikia ikikaribiana inakuwa kapasita inayoruka ukuta wako: pikofaradi 5 tu kwenye megahezi 28 ni om 1,100. Weka yote ndani ya kontena la plastiki la chakula, si kopo la bati.

Ringi mbili zilizobebana mgongo kwa mgongo, mizunguko 12 ile ile na waya wa mita 1.5, zinakupa karibu mara mbili ya ukinzani na mahali pa kutosha pa kutawanya joto. Ukiwa na uwezo wa kuagiza mbili, agiza mbili.

Kama rafiki ana NanoVNA (chombo kidogo cha kupima saketi za redio), pima choki kabla ya kuifunga. Unganisha pamoja nyaya mbili za mwanzo, unganisha pamoja mbili za mwisho, weka choki katikati ya mlango wa kwanza na wa pili wa chombo, soma upungufu. Desibeli 26 ni om 2,000 hivi, desibeli 34 ni om 5,000. Ile T200-2 ingekuonyesha desibeli 0.6. Chini ya 26 kwenye bendi yako, ongeza ringi.

Choki ya koaksi iliyozungushwa kwenye bomba la PVC la inchi 4 bila feraiti? Inafanya kazi kwenye bendi moja, tena kwa kubahatisha. Ile ni koili tupu, na njia ya mkondo wa pamoja mara nyingi ina tabia ya kapasita. Koili na kapasita zikikutana kwenye masafa yanayopatana zinafutana, mkondo unaongezeka badala ya kupungua. Feraiti ya 31 au 43 kwenye masafa haya haina hila hiyo kwa sababu kinga yake kubwa ni ukinzani halisi, unaogeuza mkondo kuwa joto, na ukinzani haufutwi na kapasita.

Usifikirie hata kidogo kubaki na 4:1, hata iwe ya Guanella. Baada ya kurekebisha urefu tyuna itaona om 50 kwenye mita 40. 4:1 itaishusha hadi 12.5, na tyuna ya T inapolishwa mzigo mdogo hivyo koili yake ndiyo inayochemka. Na kwa taarifa tu, 4:1 ya mkondo inayosukwa kwenye ringi moja ni ya kweli pale tu mzigo unapoelea. Ya uhakika inataka ringi mbili zilizotengana.

Je, ile tyuna ya balansi? Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni choki ya 1:1 upande wa redio, halafu koili mbili, moja kila upande. Faida yake ni kwamba kwa antena iliyosawazika choki inabeba nusu ya volteji ya upande wa redio tu, volti 35 kwa wati 100, haidhuru waya ngazi unaleta nini. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini antena yako haijasawazika. Bati linazaa mkondo wa pamoja wake lenyewe, na huo haujali tyuna ina koili ngapi. Choki ile ile itapambana nao kwa om zile zile. Ungelipa pesa nyingi na maikrofoni ingeendelea kuuma, pengine kidogo kuliko sasa.

Wapo wanaochukua tyuna ya kawaida kama yako, wakaielea kwenye vipande vya mbao, choki wakaihamishia upande wa redio, wakaamini wamepata tyuna ya balansi. Fuatilia waya na kidole: upande wa bodi unapita moja kwa moja kutoka kuingia hadi kutoka. Choki bado inabeba nusu ya volteji ya waya ngazi, sawa na ilipokuwa mwanzo, na sasa bodi nzima ya tyuna, vishikizo ukivigusa, ina moto wa redio. Juu ya hayo, bodi ina kapasita kwa meza na ukuta. Pikofaradi 30 kwenye megahezi 7 ni om 760 zilizofungwa sambamba na choki yako. Umejipunguzia kinga.

Tyuna za kizamani za koili mbili zisizogusana zina sifa, lakini zina sharti: ukifunga katikati ya koili au ya kapasita kwenye ethi umerudi kwenye volteji sawa, si mkondo sawa. Ziachwe zielee.

Kupima. Bila kipimo utabaki kuotea, na kipimo chake ni cha bei ya soda chache. Tafuta ile feraiti ya kubana iliyo kwenye kebo za kompyuta, inayofunguka kama ganda la njugu. Zungushia upande mmoja mizunguko 10 ya waya mwembamba. Kwenye ncha funga rezista mbili za om 100 sambamba, halafu dayodi ya 1N5711 au BAT46, kapasita ya nanofaradi 10, na malitimita kwenye volti za DC. Ampea nusu kwenye waya itakupa volti 3 na ushee. Usomaji ulio chini ya volti 0.3 usiuamini, dayodi yenyewe inakula kiasi hicho.

Zima, bana waya wa kwanza, rusha mlio wa wati 50, soma. Zima, bana wa pili mahali pale pale, soma. Mahali pale pale, kwa sababu mkondo kwenye waya ngazi unapanda na kushuka kadiri unavyosogea, na ukipima nusu mita mbele utalaumu baluni bure. Halafu kipimo chenye maana kuliko vyote: zima, bana nyaya zote mbili kwa pamoja ndani ya feraiti moja, soma. Hicho ndicho mkondo wa pamoja. Kwa kuwa nyaya zako zimeachana, weka kipande kifupi cha nyaya mbili zenye ganda karibu na tyuna, sentimita 10 zinatosha, ili ziingie pamoja. Wakati unarusha usiguse chochote cha shaba.

Wengi huishia kipimo cha pili. Wanaona 2.1 upande mmoja na 2.1 upande wa pili, wanafunga mlango wakilala usingizi. Mikondo miwili inaweza kulingana kwa ukubwa na bado isipishane sawasawa kwa wakati, na tofauti hiyo inakuwa mkondo wa pamoja. Ndiyo maana balbu mbili zinazowaka sawa hazithibitishi kitu. Kipimo cha tatu kikiwa chini ya sehemu ya kumi ya kipimo cha waya mmoja, umefika.

Kisipofika, tazama nje. Waya ngazi ushuke ukiwa na pembe mraba na antena kwa mita 10 za kwanza au kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ukilala chini ya mkono mmoja unaokota mkondo kutoka mkono huo hewani, na choki ya ndani inaupunguza tu. Kwenye dirisha lenye nondo, pita katikati ya nafasi, upande mmoja usikaribie chuma kuliko mwenzake. Usokote ngazi nusu mzunguko kila mita moja ili pande zibadilishane. Mkono ulio juu ya bati uinue. Hata mita 3 au 4 juu ya bati zinapunguza sana ile kapasita. Kuuinua mkono wa mawe peke yake, ambao ndio rahisi kwako, kutazidisha tofauti.

Na huo mti ulio karibu na nguzo ya TANESCO, uhame leo. Antena ikae mahali ambapo ikikatika popote, au waya wa umeme ukianguka, hazigusani. Hili si la usawa wa mkondo, hili ni la uhai.

Kuhusu ethi, fimbo yako pengine iligonga jiwe kabla ya kufika popote, kama fimbo nyingi za mlima huo, lakini hata ingekuwa nzuri isingekuponya. Ethi nzuri inaupa mkondo wa pamoja njia nyepesi zaidi, kwa hiyo mkondo unaweza kuongezeka kwenye waya ngazi ingawa mdomo umeacha kuungua. Ibaki kwa usalama. Bodi ya redio na ya tyuna ziunganishe kwa utepe mfupi wa shaba, na weka choki ya pili, ringi moja ya 31 yenye mizunguko 10 hadi 12 ya koaksi nyembamba, kati ya redio na tyuna. Hiyo ya pili inamalizia mabaki.

Choki ya 1:1 haiunganishi antena na ardhi kwa njia ya DC upande wa waya moto wa tyuna ya T, maana kapasita za tyuna zinaukata. Mawingu ya ziwa yakipita, antena inajichaji. Funga rezista za megaom 1 za wati 2, mbili mfululizo kutoka kila waya wa ngazi hadi ethi, nje ya dirisha. Zinamwaga chaji, si radi. Radi ikianza kuonekana upande wa ziwa, chomoa waya ngazi kabisa na uuache nje ya nyumba, mbali na nondo za dirisha.